Dogo anajua umeme, hesabu ndo zinamkwamisha

Jana usiku dogo wangu, mtoto wa mama mdogo, kakaa hapa mezani Sakina, Arusha, na daftari la hesabu mpaka saa sita, mlinganyo mmoja tu umemtoa jasho. Na huyu ndo yule yule ambae akiwa likizo watu wa Kijenge wanampigia simu aje kuwafungia umeme nyumba nzima.

Fomu foo alipata divisheni 4 na pale shuleni hakuna aliemwambia kitu zaidi ya pole, nyumbani tukaanza kuongelea bodaboda, mpaka shemeji mmoja wa Moshi akasema huyu mtoto mpelekeni VETA, kule wanakofundisha ufundi stadi. Akaenda, akasoma umeme mpaka levo 3, sasa hivi yuko chuo cha ufundi, mkoa mwingine, mwaka wa kwanza.

Kwa makaratasi njia yake iko wazi kabisa. NVA 3, yaani kile cheti cha VETA cha levo 3, inakuingiza chuo, unaanza NTA levo 4 (NTA ndo ngazi za vyuo vya ufundi), unapanda mpaka levo 6 ndo diploma, na ukitoka na GPA (wastani wa alama) ya 3.0, TCU, wale wanaosimamia vyuo vikuu, wanakuruhusu kuomba digrii, hata kama D zako za fomu foo hazikufika 4, ile NVA 3 inakubeba. Wazazi wangapi wanalijua hili? Mimi mwenyewe nimelijua kwa sababu ya dogo.

Sasa kule darasani kachanganywa na waliotoka fomu siksi. Wao hesabu wanateleza nazo ila tester hawajawahi kuishika, yeye kinyume chake, kwahiyo asubuhi kwenye hesabu anazama na mchana karakana anafundishwa kufunga swichi, kitu alichokua anakifanya kwa hela miaka miwili iliyopita!! Ada analipia vyote. Yani inaniuma kweli, maana hakuna aliekaa chini akauliza huyu kaja na nini na kapungukiwa nini.

Na dawa yake naiona si kubwa. VETA na chuo wakae, walinganishe mitaala yao, karakana anayoijua wampime siku moja akipita wamruhusu kusonga, ule muda apigwe hesabu na fizikia. Hata kabla hajaripoti, mwalimu wa hesabu wa sekondari ya jirani angeweza kuwachukua vijana kama yeye jioni kwa miezi mitatu, na hao hao chuo wawapokee wanafunzi wa sekondari Jumamosi waone karakana kabla ya mtihani wa taifa, sio baada ya kufeli.

Hapa Arusha ndo tungeweza kuonyesha mfano. VETA ipo, chuo cha ufundi kipo tangu 1978, chuo kikuu cha Nelson Mandela pale Tengeru wanatoa mpaka PhD. Mtoto anaweza kutoka fomu wani mpaka udaktari wa falsafa bila kuhama mkoa, ila hizo taasisi mtoto ndo anazunguka nazo mwenyewe na bahasha yake ya vyeti.

Halafu kuna wale wa mkondo wa amali, wanaosoma ufundi humo humo sekondari, walioanza fomu wani 2024, mwaka 2027 wanamaliza. Wanakuja na ufundi mkononi tayari, na nisingependa kuona wanafundishwa tena kufunga swichi.

Kama wewe ni mwalimu wa hesabu na uko maeneo ya Sakina au Ngaramtoni naomba unitafute, dogo yupo mpaka mwisho wa mwezi na wenzake wawili pia wanataka kusoma.