Nusu saa ya kusoma kabla ya kushika randa

Mimi ni seremala wa fanicha hapa Lamu. Kila siku baada ya sala ya alfajiri nasoma nusu saa, penseli mkononi, kisha ndipo nafungua karakana. Ukurasa wa kushoto wa daftari naandika nilichosoma kwa maneno yangu, pamoja na jina la kitabu na namba ya ukurasa. Wa kulia unabaki mtupu mpaka nijaribu jambo lile kwenye mbao. Ukikaa mtupu wiki tatu, nasimamisha usomaji mpya nikajaribu kwanza ya zamani. Namba ya ukurasa usiidharau: bila hiyo utapoteza asubuhi nzima ukitafuta kipimo ulichokwisha kukiona.

Vitabu vingi vya useremala vimeandikiwa nchi za baridi. Kule mbao husinyaa majira ya baridi, kwa sababu nyumba hupashwa moto na hewa ya ndani hukauka. Kwetu hufura masika na kusinyaa kaskazi, msimu wa joto na ukavu. Kwa hivyo sinakili nafasi wanayoiacha wao kwenye tarabe ya mlango wa kabati, yaani ubao mpana unaokaa ndani ya fremu. Nachukua hesabu yao tu, nikaitilia hali ya huku. Majedwali ya Idara ya Misitu ya Marekani, ambayo yako bure kwenye intaneti, yanaonyesha kuwa mvule, kutoka ubichi hadi kukauka kabisa, husinyaa asilimia 3.8 kwa kufuata miviringo ya umri, na 2.8 kwa kuelekea kiini. Msaji ni 5.8 na 2.5. Kusinyaa huanza unyevu wa ndani ya mbao ukishuka chini ya asilimia 30 hivi. Gawa 3.8 kwa 30: kila asilimia moja ya unyevu husogeza upana kwa asilimia 0.13 hivi. Basi tarabe ya mvule yenye upana wa milimita 400, unyevu ukipanda asilimia 4, hufura milimita 2.

Milimita 2 zatosha kufungua viungo vya fremu. Na ukiigandisha tarabe kwa gundi pande zote, kaskazi itapasuka. Iache icheze ndani ya mfereji wa fremu, gundi iwe tone moja katikati juu na moja katikati chini. Ukiikata kaskazi, bakisha nafasi ya kufura. Ukiikata masika, iingize ndani zaidi, maana itasinyaa. Ili nisiamini jedwali peke yake, nakata kipande cha milimita 100 kutoka ubao uleule, nakitundika kivulini na kukipima kila Ijumaa.

Siku moja kwa wiki nasoma nje ya useremala, na huko ndiko zilikotoka rafu za vitabu ninazotengeneza jioni. Vyumba vya nyumba za mawe za mji wa kale ni virefu na vyembamba kwa sababu dari hubebwa na boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa chumba. Na rafu ni vivyo hivyo: anza na kile ubao unachoweza kuvuka. Ubao wa mvule wenye upana wa milimita 200 na unene wa 20, ukibeba vitabu vya kilo 30 kwa mita, hupinda milimita 0.4 hivi ukivuka milimita 600. Ukivuka 1200 hupinda mara 16 zaidi, yaani milimita 6 na ushei, na kadiri miezi inavyopita huzidi kulegea. Kuuongeza unene mara mbili hupunguza kupinda mara 8 tu, tena kwa mbao maradufu. Kihimili kimoja katikati ni bei rahisi zaidi, na skrubu zake ziwe za shaba nyeupe au chuma kisichoshika kutu, kwa sababu ya hewa ya chumvi.