Narudi Mogadishu

Jamani, nimekubali kazi. Narudi Mogadishu na kamera, mara ya kwanza tangu mlipuko wa makutano ya Zobe wa tarehe 14 Oktoba 2017, ule uliochukua roho za watu zaidi ya 500. Nilipiga picha siku ile hadi betri ikaisha. Vumbi bado limo kwenye pete ya lenzi. Nikiizungusha inakwaruza, na mwili wote unanisisimka.

Hapa Mombasa watu huniona mzima. Hawajui kwamba fataki za harusi zikilia Mji wa Kale mimi hutokwa jasho na miguu kuishiwa nguvu. Shangazi alinisomea dua, namshukuru sana, na mshauri nasaha akanifundisha kulisimulia jambo lile mwanzo hadi mwisho bila kukimbia. Wapiga picha wenzangu, nendeni kwa mshauri, tafadhalini. Mpiga picha Mkenya Mohamed Amin alipoteza mkono Addis Ababa mwaka 1991 na akarudi kazini. Tunamsifu kwa ushujaa, ila sisi wenyewe hatuulizani usiku tunalalaje.

Mama hataki niende. Nimemwambia sifuati vita. Kuna muuza chai niliyempiga picha akimtafuta mwanawe. Nataka kumwona, nimuulize hali yake.