Nyekundu iliyogeuka kijani

Kwa miaka minne nilikuwa mkaguzi wa programu katika kampuni moja ambayo sitaitaja. Kazi yangu ilikuwa kuisumbua programu kabla haijamfikia mteja, kisha kila Ijumaa kujaza jedwali la ripoti. Kijani: iko sawa. Njano: tuiangalie. Nyekundu: isitoke. Jedwali hilo lilipitia kwa kiongozi wa timu, likaenda kwa meneja, ndipo likamfikia mkurugenzi.

Ijumaa moja niliweka nyekundu kwenye sehemu ya malipo. Mteja akibonyeza kitufe mara mbili kwa haraka, alikatwa fedha mara mbili. Nilimwonyesha kiongozi wangu hitilafu hiyo mara tatu mfululizo, akaiona kwa macho yake. Jioni akaja mezani kwangu, akaniambia kwa upole, "Weka njano. Wiki ijayo tutakuwa tumeshairekebisha." Hata leo simwoni kuwa mtu mbaya. Siku chache kabla, mwenzake alikuwa amefokewa kikaoni kwa kuleta nyekundu, na sisi wote tuliinamisha vichwa. Nikaweka njano. Jumatatu jedwali lilipoonyeshwa ukutani kwenye chumba cha mikutano, sehemu ya malipo ilikuwa kijani.

Tangu siku hiyo siwezi kusoma habari za Nokia kama wengine wanavyozisoma. Husemwa kwamba ililala usingizi, Apple ikaja na iPhone mwaka 2007, ikaipita. Usingizi gani? Nokia ilikuwa na simu ya skrini ya mguso, 7710, tangu miaka ya 2004 na 2005. Mwaka 2008 karibu simu 4 katika kila 10 zilizouzwa duniani zilikuwa zake. Fedha zilikuwepo na wahandisi walikuwepo. Watafiti wawili, Timo Vuori na Quy Huy, waliwahoji watu 76, wakiwemo mameneja na wahandisi wa kampuni hiyo, na walichokikuta ni hofu. Wakubwa waliwaogopa washindani na wanahisa, wakawabana walio chini yao. Walio chini nao waliwaogopa wakubwa, wakawa hawasemi wazi jinsi Symbian, mfumo uliokuwa ukiendesha simu zao, ulivyokuwa umezidiwa. Wakaahidi tarehe ambazo mioyoni walijua hazitatimia.

Februari 2011 mkurugenzi mkuu, Stephen Elop, aliwaandikia wafanyakazi waraka akiwafananisha na mtu aliyesimama kwenye mtambo wa mafuta unaowaka moto katikati ya bahari. Maneno mazito, na ya kweli. Lakini Elop alikuwa mgeni, alikuwa ameingia Septemba 2010. Wenyeji walikuwa wameunusa moshi zamani. Mwaka 2013 kitengo cha simu kikakubaliwa kuuzwa kwa Microsoft, kwa jumla ya euro bilioni 5.44 pamoja na leseni za hataza, yaani ruhusa ya kutumia uvumbuzi wake.

Microsoft yenyewe ilikuwa na ugonjwa wake. Kwa miaka mingi mameneja walilazimika kuwapanga watu wao kwa madaraja, na lazima awepo wa mkiani hata kama timu nzima imefanya vizuri. Utaratibu huo uliachwa Novemba 2013. Fikiria kumfundisha jirani yako kazi huku ukijua akikuzidi, mkiani utabaki wewe.

Ninayoipenda ni habari ya Intel, kampuni ya Marekani inayotengeneza chipu za kompyuta, mwaka 1985, biashara yake ya chipu za kumbukumbu ilipokuwa ikididimizwa na Wajapani. Andy Grove alimuuliza Gordon Moore, aliyekuwa mkubwa wake: tukifukuzwa hapa, bosi mpya atafanya nini? Moore akajibu kwamba ataachana na chipu za kumbukumbu. Ndiyo biashara iliyoianzisha kampuni yao, na wakaiacha wenyewe. Mtu alimuuliza bosi wake swali la kumuumiza, akajibiwa.

Sasa nina timu ndogo ninayoiongoza. Kikao cha Jumatatu nakifungua kwa swali moja: nini kimeharibika? Wiki tatu za kwanza walikaa kimya, wakitazama meza. Ya nne, kijana mgeni kuliko wote akasema nakala za akiba za data hazijahifadhiwa kwa siku tisa, na kosa ni lake. Sauti ilikuwa ikimtetemeka. Nikamshukuru mbele ya wote, nikavuta kiti nikakaa karibu naye, tukaanza kuzitafuta siku ya kwanza hadi ya tisa.