Mkono wangu kwenye ile picha

Ilikuwa 2019, saa mbili asubuhi, niko kwenye daladala naenda kazini, tumekwama Ubungo, nadhani mnakumbuka kipindi kile wanajenga zile barabara za juu pale, foleni haisogei kabisa. Nikafungua Facebook kuvuta muda. Posti ya kwanza ninayokutana nayo ni picha ya baba yangu, kavaa kofia yake ya vito, juu yake imeandikwa Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun, chini komenti 43, pole, pole, pole. Na mimi mwanawe sijaambiwa na mtu.

Picha yenyewe niliiposti mimi mwenyewe Idi, tulipiga mlangoni kwetu Ngamiani nimemwekea mkono begani. Sasa huyo ndugu aliyeichukua alinikata ili abaki baba peke yake, ila mkono ukabaki, vidole vyangu vinne kwenye bega la mzee. Nikawa naviangalia tu vile vidole, konda anadai nauli sisikii.

Haikupita robo saa simu ikaita, baba mdogo. "Mwanangu, baba yako kazidiwa kidogo, jitahidi uje leo leo." Sauti yake imetulia kabisa. Kwetu ndo hivyo, mtu aliye mbali peke yake hapewi msiba kwenye simu, anaambiwa mgonjwa kazidiwa, akifika anakuta wazee wanamsubiri wamshike. Yani yule mzee kafiwa na kaka yake usiku huo huo na bado kakaa akapanga namna ya kunilinda mimi njiani. Nikamjibu sawa baba mdogo, nakuja. Sikuweza kumwambia kwamba nimeshajua.

Nikashuka hapo hapo nikaenda stendi, sina hata begi, Chalinze, Segera, mpaka Tanga sijaongea na mtu, nikawahi maziko baada ya alasiri. Mdogo wangu alikuwa bweni Muheza, kule simu haziruhusiwi, baba mkubwa alimfuata alfajiri akamleta nyumbani, akamkalisha karibu na mama, akamshika mkono ndo akamwambia. Nilimwonea wivu mdogo wangu, wallahi nilimwonea wivu.

Aliyeposti alikuja kuniomba radhi siku ya tatu huku analia, nikamsamehe, na yeye alikuwa na uchungu wake. Lakini usiku ule nikaifuta akaunti. Wanakupa siku 30 za kurudi kama ukibadili mawazo, na zile siku nilihangaika kweli, kidole kinaenda chenyewe pale ilipokuwa programu. Sikurudi, na huko kwingine sijajiunga. Nyumbani wanajua, kukiwa na jambo wananipigia.

Kabla sijafuta niliishusha ile picha, ile nzima, nikaenda kuisafisha studio. Iko chumbani kwa mama, mimi na baba mlangoni, mkono wangu begani kwake.