Hong Kong kwa nauli ya boti: ninavyotembea huku nikisubiri mzigo

Sisi tunaofuata mzigo Guangzhou, China, tunazijua zile siku za kukaa bure. Umeshachagua bidhaa, umetoa malipo ya awali, kiwanda kinashona, na wakala hapakii mpaka katoni zote zifike godauni kwake. Wenzangu wengi hushinda hotelini wakichezea simu. Mimi siku hizo nimezihamishia Hong Kong, na ninazunguka mwenyewe bila kumlipa mtu wa kunitembeza.

Nianze na visa, maana hapo ndipo safari za wengi huharibika. Hong Kong ni China, lakini ina uhamiaji wake, fedha yake na masharti yake ya kuingia. Ukivuka kwenda huko, umehesabiwa umetoka China bara. Kama visa yako ni ya kuingia mara moja tu, imeishia hapo, na mzigo umebaki Guangzhou hauna mwenyewe. Kwa hiyo mimi huomba ya kuingia zaidi ya mara moja tangu niko Dar, na masharti ya Hong Kong nayaangalia peke yake, siyachanganyi na ya Beijing. Treni ya mwendo kasi kutoka stesheni ya kusini ya Guangzhou hadi stesheni ya West Kowloon, Hong Kong, hutumia kama saa moja, na pasipoti inakaguliwa na pande zote mbili palepale West Kowloon. Ukitokeza nje tu, WhatsApp inafunguka yenyewe bila zile programu za kuzungukia vizuizi vya mtandao vya China bara. Jiandae, meseji za dukani zinamiminika zote kwa mpigo.

Fedha yao haina mahesabu magumu. Dola moja ya Marekani imefungwa kwenye dola kama 7.8 za Hong Kong tangu 1983, hivyo ukigawanya kwa nane hukosei sana. Cha kwanza ninachonunua ni kadi ya Octopus. Unaweka pesa ndani, unagusisha tu: treni, basi, tramu, boti, hata maji dukani. Waliozoea N-Card ya kivukoni kwetu hawahitaji kufundishwa.

Kulala, nabaki Tsim Sha Tsui, upande wa Kowloon, kandokando ya Nathan Road. Hapo lipo Chungking Mansions, jengo la ghorofa 17 lililofunguliwa 1961, ambalo kila mfanyabiashara wa Kiafrika aliyepita mji huu analijua. Chini ni maduka ya simu, wabadilisha fedha na biriani. Juu ni nyumba za wageni zimerundikana. Vyumba vya bei yetu mtaa ule ni vidogo: ukifungua sanduku, huna tena pa kukanyaga. Lakini nani amesafiri kuja kuangalia chumba? Hatua chache tu kutoka hapo kuna msikiti wa Kowloon, mweupe, una minara minne, umejengwa 1984 mahali palipokuwa na ule wa 1896 uliohudumia askari Waislamu wa Kihindi wa jeshi la Waingereza. Ijumaa utakutana na Wapakistani, Waindonesia, Wasomali na wa kwetu humohumo.

Sasa boti. Siri yangu yote iko gatini. Kutoka Tsim Sha Tsui napanda Star Ferry, zile boti za kijani na nyeupe zinazovusha watu tangu 1888, mpaka Central, kitovu cha mji, upande wa pili kisiwani. Nauli siku za kazi ni kama dola tano zao, na chini ni nafuu kuliko juu. Ni kama kuvuka Magogoni kwenda Kigamboni pale Dar, ila badala ya minazi ng'ambo unaona ukuta wa maghorofa yenye mlima mgongoni. Safari haifiki robo saa. Watalii wanalipa pesa nyingi kwa boti za kuzungushwa bandarini wakati wa machweo. Mimi saa ileile navuka kwa nauli ya mwananchi, nageuza, narudi tena. Saa mbili usiku kuna onyesho la taa na muziki, majengo yanawaka kwa zamu. Kwangu halina ajabu. Taa za kawaida za mji ule zinatosha, tena bila kusukumana.

Ukishashuka Central, usitoke haraka. Gati zimepangwa kwa namba, na kila namba ni safari ya siku nzima: ya 4 inakwenda kisiwa cha Lamma, ya 5 Cheung Chau, ya 6 Mui Wo kwenye kisiwa cha Lantau. Mimi ratiba yangu ni hiyo tu. Naamka, naangalia mbingu, nachagua namba.

Niipendayo zaidi ni ya 6. Wageni wengi huiendea ile sanamu kubwa ya Buddha ya Lantau kwa vibanda vya waya vinavyoning'inia kutoka Tung Chung, kilomita 5.7 hewani. Ni vizuri, lakini ni ghali na foleni yake wikendi si mchezo. Mimi nachukua feri ya kawaida kwenda Mui Wo, si ile ya haraka, kwa sababu ya haraka imefungwa vioo pande zote. Kwa karibu saa nzima nakaa juu nyuma, upepo unanipiga, naangalia meli za kontena na matishari yakipishana. Hapa ninaangalia kwa jicho la mtu mwenye mzigo: hadi 2004 bandari hii ndiyo iliyoongoza duniani kwa kontena, kabla ya kupitwa na Singapore, kisha na bandari za China bara. Shoga yangu niliyekwenda naye alinishika mkono akaniuliza, "Shoga, na letu litapita hapa?" Nikamwambia likipita hatulitambui, tule zetu karanga.

Mui Wo mabasi yanasubiri palepale gatini. Namba 2 inapanda milima mpaka Ngong Ping, inapita ufukwe mrefu wa Cheung Sha, halafu inakata kona juu ya bwawa la maji. Ukiwa na kichefuchefu kaa mbele. Juu, Buddha wa shaba ana urefu wa mita 34, alikamilika 1993, na kumfikia ni ngazi 268. Kupanda ni bure. Mimi si wa dini ile na sikwenda kuabudu; nilipanda kwa ajili ya ile milima, na siku ya ukungu unaona ngazi tu na mgongo wa aliye mbele yako. Chini kwenye monasteri ya Po Lin wanauza chakula kisicho na nyama kabisa, hivyo anayeogopa nguruwe anakula kwa amani.

Kutoka hapo nachukua basi 21 kwenda Tai O, kijiji cha wavuvi chenye nyumba za nguzo juu ya mkono wa bahari. Hapo nakaa sana. Wanaanika samaki mlangoni, wanasaga uduvi wakauchachua na chumvi ukawa kama bandiko la zambarau, na harufu yake inakupokea kabla hujaona nyumba. Bibi kizee mmoja alinionjesha kwa ncha ya kijiti, kisha akanihesabia bei kwa vidole. Nilinunua, nikafunga mifuko mitatu. Kurudi nyuma sirudi njia ileile: basi 11 hadi Tung Chung, halafu treni ya mjini mpaka Central.

Siku za miguu kuchoka ni za tramu. Tramu hizo, siku hizi za ghorofa mbili, zinapita kisiwa cha Hong Kong kutoka Kennedy Town hadi Shau Kei Wan tangu 1904, kwa dola tatu na kitu tu bila kujali umbali. Unapandia nyuma, unalipa mbele unaposhuka. Nakaa juu kwenye siti ya mbele kabisa, na mji wenyewe unanijia. Nikifika Wan Chai mchana nashuka kwenye msikiti wa Ammar, ghorofa ya tano, kula dim sum halali: vifurushi vyembamba vya unga vilivyojazwa kamba, vinaletwa kwenye vikapu vya mvuke. Fika mapema. Kuhusu kilele cha Victoria Peak, ile tramu ya mlimani ya 1888 ina jina, lakini basi 15 kutoka Central linakufikisha kulekule, na mandhari nzuri kuliko ya roshani ya kulipia iko Lugard Road, njia tambarare ya bure inayozunguka mlima.

Jumapili nilikuta jambo ambalo hakuna aliyenidokeza. Wafanyakazi wa ndani kutoka Ufilipino na Indonesia hutoka kwa maelfu: Central wanatandika maboksi chini ya majengo ya mabenki, wanakula, wanacheka, wanafunga mizigo ya kutuma makwao. Nilimpigia video mtoto wa kaka yangu aliye Muscat kwa kazi hiyohiyo, nikamgeuzia kamera. Akatazama weee, kisha akauliza, "Shangazi, kwani siku nzima ni yao?" Nikamweleza ni sheria ya huko, siku moja katika kila saba. Akaniambia nisikate simu kwanza, niendelee kutembea nayo. Tulizunguka hivyo mpaka chaji ikaniishia.

Jumapili hiyohiyo, feri za visiwani zinapanda bei na kujaa, kwa hiyo kisiwa cha Cheung Chau kiacheni cha katikati ya wiki. Hakina magari, ni baiskeli na miguu, na hekalu la Pak Tai la 1783 liko karibu tu na gati. Nusu siku inatosha.

Kuhusu majira: maonyesho ya biashara ya Guangzhou ya vuli yanaanza katikati ya Oktoba, na huo ndio wakati mzuri, joto limepoa na mvua zimepungua. Ukija katikati ya mwaka, fuatilia namba za tahadhari ya kimbunga zinazotangazwa. Namba 8 ikipandishwa feri na mabasi yanasimamishwa, maduka yanafungwa, na aliye kisiwani analala hukohuko. Mimi ikifika namba 3 tu, sivuki.