Darasa la picha mtaani kwa wahamiaji: anza na picha wanayoihitaji

Anayetaka kufundisha upigaji picha katika mtaa wa wahamiaji wa kipato kidogo aweke kando kwanza somo la tundu la lenzi na kasi ya shata, yaani muda ambao kamera huruhusu mwanga kuingia. Aulize tu: wiki hii unahitaji picha ya nini? Majibu hurudi kwenye mambo yale yale. Paspoti saizi za kuambatanisha na fomu. Picha ya mtoto ya kumtumia bibi yake aliyebaki nyumbani. Picha ya ukuta ulioota ukungu, mwenye nyumba aione. Picha ya nguo alizoshona mtu, anayeziuza kwa simu. Mtaala mzima umo humo, kwa sababu kila picha kati ya hizo ina ufundi wake. Na mtu aliyeondoka na picha aliyoihitaji atarudi kipindi kijacho hata kama ametoka zamu ya usiku.

Sisi tungeanza na paspoti, kwa kuwa inafundisha mwanga, umbali na vipimo kwa mpigo mmoja. Nchi nyingi hutaka picha ya milimita 35 kwa 45. Marekani hutaka milimita 51 kwa 51. Soma kwanza masharti ya ofisi inayopokea fomu. Mweke mtu mita moja mbele ya ukuta mweupe ili kivuli chake kisitue ukutani, uso ukiangalia dirisha. Mwanga ukizidi upande mmoja, mtu mwingine ashike kadibodi nyeupe upande wa pili. Mpiga picha asimame mita moja na nusu hadi mbili, simu iwe usawa wa macho, kisha picha ikatwe baadaye. Wengi husogea karibu hadi uso ujaze kioo, na hapo ndipo wanapoharibu: lenzi ya kawaida ya simu ni pana, na ukiwa karibu pua inakua na masikio yanarudi nyuma. Zimeni kabisa programu za kulainisha ngozi, maana picha iliyorekebishwa uso hukataliwa.

Ngozi nyeusi mbele ya ukuta mweupe inahitaji somo lake, na isiachwe hadi mwisho. Kamera hupima mwanga kana kwamba kila kinachoonekana, kikijumlishwa, ni kijivu cha wastani. Ukuta mweupe ukijaa kwenye fremu, kamera inapunguza mwanga, na uso unabaki giza lisilo na macho. Gusa uso kwenye kioo, shikilia kidole mpaka mwanga na fokasi vifungwe, kisha sogeza alama ya jua juu kidogo kidogo hadi ngozi ionekane ilivyo. Kwenye kamera kubwa, tumia kitufe cha +/- kuongeza mwanga kati ya theluthi mbili ya hatua na hatua moja nzima (hatua moja ni mwanga maradufu). Wakipigwa watu wawili wenye rangi tofauti za ngozi, mweusi zaidi akae karibu na dirisha. Wanafunzi waambiwe waziwazi kwamba kosa ni la kipimo cha kamera na halihusiani na sura zao. Wapo ambao wamekubali picha zao za giza miaka yote wakidhani ndivyo walivyo.

Kuchapa nako kuna hesabu yake. Karatasi ya sentimita 10 kwa 15 hubeba picha nane za milimita 35 kwa 45, zikipangwa nne kwa safu mbili. Tengeneza ukurasa wa pikseli 1,181 kwa 1,772, yaani pikseli 300 kwa inchi, kisha chapa kwa asilimia 100. Mashine ikiachiwa itanue picha ijaze karatasi, kila picha itakuwa kubwa kuliko inavyotakiwa, na fomu itarudishwa bila maelezo. Chora mstari wa milimita 50 pembeni ya ukurasa, na karatasi ikitoka upime kwa rula kabla ya kukata.

Kuhusu vifaa, simu za wanafunzi wenyewe zinatosha kwa sehemu kubwa ya kazi. Tatizo la kwanza utakalokutana nalo ni simu iliyojaa, wala si ubora wa kamera. Picha moja ya megapikseli 12 huchukua takriban megabaiti 3 hadi 5, kwa hiyo nafasi ya GB 1 inatosha picha mia mbili au zaidi. Tumia dakika za mwanzo kufuta video za kutumiwa na kuhamisha picha za zamani kwenye flashi ya USB. Tatizo la pili ni mafuta ya vidole kwenye lenzi. Picha inatoka na ukungu mweupe kuzunguka kila taa. Futa kwa kitambaa laini cha pamba. Mkipata kamera za mtumba, chagueni aina moja, ili betri, chaja na menyu zifanane. Kila mfuko uwe na betri mbili na kadi moja iliyofomatiwa ndani ya kamera yenyewe. Na kamera ikipotea, mwanafunzi asilipe. Anayeogopa deni ataifungia kamera kabatini.

Watu wanane hadi kumi kwa walimu wawili ni wengi wa kutosha, saa mbili kwa kipindi. Mahali pawe pa kufikika kwa miguu, na watoto wapate mtu wa kuwaangalia chumba cha pili, la sivyo akina mama watakuwa wa kwanza kuacha.

Vyumba vidogo vina usumbufu wao. Mwanga wa tyubulaiti huacha mistari ya giza kwenye picha. Umeme wa hezi 50 hupatana na shata ya 1/50 au 1/100 ya sekunde. Ule wa hezi 60 hupatana na 1/60 au 1/120. Kama simu hairuhusu kuchagua, zima taa na utumie dirisha. Taa na dirisha kwa pamoja hufanya nusu ya uso iwe ya njano na nusu ya buluu. Ukitaka chumba kionekane, simama kwenye kona, simu usawa wa kifua na wima kabisa, maana ukiinamisha kidogo kuta zinaanguka.

Picha ya ukungu au bomba linalovuja ni ushahidi, na ushahidi una utaratibu wake. Piga tatu: chumba kizima, ukuta, kisha doa lenyewe na rula kando yake. Mwanga wa tochi upite kwa ubavu wa ukuta. Ukimulika moja kwa moja, rangi iliyobanduka haionekani. Usirekebishe chochote, tunza faili la asili lenye tarehe, na utume nakala.

Hapa linaingia jambo ambalo halirukwi hata kama muda umekwisha. Picha ya simu inaweza kubeba ndani yake mahali ilipopigwa. Zimeni kipengele hicho kwenye mipangilio ya kamera siku ya kwanza, simu kwa simu, mwalimu akihakikisha kwa macho yake. Picha inayotumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida huondolewa taarifa hizo. Ikitumwa kama hati, inaenda nazo zote. Kisha fundisha kusoma kingo za fremu: namba ya nyumba, sare ya shule, nembo ya mwajiri, barua mezani, kioo kinachorudisha sura ya mtu ambaye hakukubali. Kwa asiye na kibali cha kuishi, au mama aliyemkimbia mume, kitu kimoja kati ya hivyo kinatosha kumfichua. Usidhani hatari ni maofisa tu. Wapo wanaojificha wasionekane na watu wa kwao. Mikono, migongo, vivuli na viatu mlangoni vinaweza kusimulia bila uso.

Idhini iombwe mara tatu: ya kupiga, ya kuonyesha darasani, ya kutoa nje. Iombwe kwa lugha anayoielewa mtu, na mkalimani asiwe mtoto wake wala ndugu. Mweleze pia kwamba picha ya ukutani inaweza kushushwa, ila iliyokwenda intaneti hairudi.

Miaka ya mwisho ya 1880, Jacob Riis, mwenyewe mhamiaji kutoka Denmark, aliingia usiku kwenye vyumba vya wahamiaji maskini New York na unga wa magnesiamu uliolipuka kwa mwanga mkali. Picha zake zilichangia kubadilisha makazi yale, lakini baadhi ya nyuso ndani yake ni za watu walioshtuliwa usingizini. Miaka zaidi ya mia moja baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1990, Caroline Wang na Mary Ann Burris waliwapa wanawake wa vijijini Yunnan, China, kamera wapige wenyewe, na njia yao ikaja kuitwa photovoice. Darasa lifuate njia hii ya pili, hasa kwenye mazungumzo. Chapa picha za 10 kwa 15, zitandaze mezani, kila mtu achague mbili zake. Maswali ni matano: unaona nini, nini hasa kinatokea, kinahusianaje na maisha yetu, kwa nini hali hii ipo, tufanye nini. Mwenye picha aseme kwa lugha yake, sauti irekodiwe, na tafsiri asomewe kabla haijawekwa chini ya picha. Tafsiri ya haraka huwageuza watu wote kuwa wahanga, na mwenye picha ndiye atakayegundua.

Mkifika kwenye maonyesho, epukeni kukusanya picha kwa WhatsApp ya kawaida. Picha hupunguzwa, mara nyingi upande mrefu ukabaki na pikseli 1,600 hivi, zinazotosha sentimita 13 au 14 tu za uchapaji mzuri. Karatasi ya 20 kwa 30 inataka pikseli 2,362 kwa 3,543. Hamisheni kwa waya au kadi. Tundikeni katikati ya picha ikiwa sentimita 145 hadi 150 kutoka sakafuni. Kuhusu jina chini ya picha, mwenye picha aamue mwenyewe: lake kamili, la kwanza tu, au la kubuni.

Katika nchi nyingi haki ya picha ni ya aliyebonyeza, isipokuwa mmeandikiana vingine. Kwa hiyo mradi ndio unaopaswa kumwomba mwanafunzi ruhusa ya maandishi: picha ipi, itumike wapi, kwa muda gani, na ikiuzwa fedha zinagawanywaje. Mpe nakala ya karatasi hiyo pamoja na flashi yenye mafaili yake yote ya asili, kabla ya maonyesho kufunguliwa.