Siku moja na vyambo vya besi, kibandani River Road, Nairobi

Saa 12:15 asubuhi. Nimeshuka matatu ya Umoja, na kabla ya kufika kibandani napitia steji ya magari ya Naivasha. Jana usiku nahodha mmoja wa boti alinipigia: "Fundi, nimekutumia mkebe na gari la kwanza." Mkebe wenyewe ni wa mafuta ya kupikia, umefungwa kwa mpira wa tyubu. Ndani mna vyambo bandia kumi na viwili vya kuvulia samaki aitwaye besi, vingine vimevunjika mdomo, vingine ndoana zimeliwa na kutu. Huwa anavichomoa kwenye mizizi ya mafunjo, maana wavuvi wa wikendi hutupa mshipi karibu mno na ukingo. Ananiuzia shilingi 50 kimoja.

Saa 1:30. Nafungua. Ubao wangu bado unasema "Fundi wa Saa", lakini tangu watu waanze kutazama saa kwenye simu, kwa siku napata za betri tatu au nne tu. Vyambo vilikuja vyenyewe: mteja aliuliza kama kibanio changu kinaweza kufungua pete ndogo ya ndoana. Kikafungua. Wiki iliyofuata akaja na wenzake wawili.

Huyu besi si mwenyeji wetu. Alitolewa Marekani akapandwa Ziwa Naivasha miaka ya 1920, ili wapenda kuvua kwa ndoana wapate wa kushindana naye. Mwaka 1970 wakaletwa kamba wekundu wa Louisiana, na besi akawageuza mboga. Ndiyo sababu kila mteja ananiambia, "Nipakie ile rangi ya matofali."

Saa 3. Kusafisha. Sabuni, mswaki wa zamani, kisha msasa laini. Rangi nzee naibandua kwa mkono, na nina sababu. Mwaka jana nilitumbukiza chambo cha mteja kwenye thina nikaenda kunywa chai. Niliporudi, plastiki ilikuwa imelegea kama ubani uliotafunwa. Nililipa. Kuna na lingine ambalo wengi hawalijui: ukiweka minyoo ya raba laini kisanduku kimoja na vyambo vya plastiki ngumu, ile raba itaila rangi na mwili wenyewe. Asubuhi unakuta vimeshikana.

Saa 5. Kazi ninayoipenda. Chambo kimoja, kinene kama kidole gumba, kimevunjika mdomo. Ule mdomo, kibapa kinachochomoza mbele, ndio hukifanya kizame na kutikisika. Mrefu hukipeleka chini, mfupi hukiacha juujuu. Ningeweza kubandika mwingine, ila nikaona nikifanye cha kuelea. Nimelainisha kisiki, nimeziba tundu kwa gundi ya mirija miwili, kwa sababu ndani ni wazi, mna gololi za kugonga, na maji yakiingia umekwisha. Kisha nikachukua kifuniko cha nyuma cha saa ya shaba ambayo mwenyewe hakuirudia, nikakata feni ya mapanga mawili, moja nimelipinda huku, la pili kule. Nimeitia kwenye waya wa mkiani na ushanga mmoja mbele yake isisugue mwili. Nikaipuliza kwa mdomo. Ikazunguka, ikalia tsss.

Lauri Rapala, yule Mfini, alianza kutengeneza vyambo mwaka 1936 kwa kizibo, karatasi ya chokoleti na negativu za picha alizoyeyusha zikawa vanishi. Nikisikia mtu anadharau jua kali humtajia huyo.

Saa 8. Chapati na maharagwe, nimesimama.

Saa 9. Napeleka vitano kwa fundi wa panchari, Kirinyaga Road. Ana pipa alilolipasua kwa urefu la kutafutia tyubu zinazovuja. Urefu wake haufiki mita moja, lakini unatosha kuona chambo kinaelekea wapi. Kikienda kushoto, kijicho cha puani, kile cha kufungia mshipi, nakikunja kulia kidogo kabisa, kisha navuta tena. Hiki cha mdomo mrefu kimenichukua safari nane. Kile cha feni kilizamisha mkia. Nimekitoa ndoana nzito ya ncha tatu, nikaweka ya ncha moja. Kikakaa sawa, na kwenye mafunjo hakitanasa ovyo. "We fundi," jirani ananiambia, "unavua kwenye pipa la watu na hunigawii samaki."

Saa 10:30. Mzee mmoja mstaafu, anakwenda ziwani kesho, amekuja kuchungulia.

"Habari ya jioni, mzee."

"Nzuri, fundi. Mbona hiki hakimetimeti?"

"Kinaenda lakini. Kivute uone."

"Nataka kimetemete."

Basi. Mimi ningemaliza muda wote kwenye pipa, lakini mwenye kulipa ni yeye. Nimeomba mfuko wa wavu kwa mama wa vitunguu, nimekivika chambo nikaukaza, nikapuliza rangi ya fedha juu ya nyekundu. Ukiuvua wavu, magamba yamejipanga yenyewe. Jicho ni nukta ya rangi ya kucha nyeupe, na nyeusi ndani yake kwa ncha ya sindano. Mzee amecheka peke yake. Shilingi 600 kwa M-Pesa, na ataagiza mtu akichukue kwangu nyumbani usiku, maana hakijakauka.

Saa 1 usiku. Matatu imejaa. Nimeshika boksi la viatu lililotobolewa, vyambo vinaning'inia kwenye waya, ndoana nimezichomeka kwenye vipande vya sponji zisichome mtu. Mama wa kiti cha pili amechungulia.

"Baba, hizo hereni ni pesa ngapi?"

Nimemwambia ni za samaki. Ametazama tena.

"Sawa. Na ile nyekundu?"

Ile nyekundu, nimemwambia, imeshalipiwa.